Trekta ya Nyasi Ikilia "Tak", Shika Mita Kabla ya Kushika Pochi

Mvua ya masika ilikuwa imepumzika, na kwa sisi tunaokata nyasi Karen na Lang'ata, Nairobi, jua la siku mbili mwezi wa Aprili halichezewi. Nyasi zilikuwa zimefika magotini na wateja watatu walikuwa wananipigia simu. Nikapanda trekta yangu ndogo, ile mashine ya kukatia nyasi ukiwa umeikalia (tunaiita trekta, ukisema "mashine ya kupanda" watu watadhani ni ya mahindi), nikazungusha ufunguo. Tak. Nikarudia. Tak.

Nikailaumu betri. Nikapanda matatu hadi mjini, nikashuka Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, nikanunua betri mpya. Nilipoifunga: tak. Kesho yake nikarudi kule kule kununua solenoidi, ile swichi inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye stata, mota inayozungusha injini iwake. Tak, safari hii kwa sauti nzuri zaidi.

Aliyenitoa aibu ni mzee mmoja fundi wa jenereta aliyekuwa na kazi kwa jirani.

"Betri hii umenunua lini?"

"Juzi, mzee."

"Na ile ya kwanza ilikukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Akatoa mita ya kupimia umeme, akaiweka kwenye volti, ncha moja akaigusisha bloku ya injini na nyingine kichwa hasi cha betri, kisha akaniambia nizungushe ufunguo. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sufuri. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Yangu ilisoma 7. Chini ya fremu, waya wa erthi, ule unaounganisha injini na kichwa hasi cha betri, ulipofungwa kwenye injini, kutu na nyasi mbichi zilikuwa zimejenga ukuta. Akafungua nati, akasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi juu. Trekta ikawaka. Betri yangu ya zamani ilikuwa nzima muda wote huo.

Tangu siku hiyo naanza na mita. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma kama 12.6. Ikisoma 12.0 au chini, ichaji kwanza, na usitumie chaja kubwa ya lori, maana hivi vibetri ni vidogo na umeme mwingi huviua. Ukizungusha ufunguo, volti ikianguka chini sana ya 9.6, betri imechoka hata kama ilisoma vizuri ilipokuwa imetulia. Wengi hukosea hapa: wanaona 12.6, wanaiondolea betri mashtaka yote, kumbe haina nguvu ya kusukuma stata.

Kisha sikiliza. "Tak-tak-tak" ya haraka mara nyingi ni betri dhaifu au vichwa vyake vimelegea. "Tak" moja nzito maana yake solenoidi imeitikia lakini stata haizunguki. Weka mita kwenye bolti mbili kubwa za solenoidi huku mwenzako akizungusha ufunguo. Solenoidi ikilia halafu mita ikabaki kwenye 12, sahani zake za ndani zimeungua, na hapo ndipo unapoenda Grogan. Ikishuka karibu na sufuri, iache solenoidi, fuata nyaya, erthi na stata yenyewe.

Kimya kabisa ni hadithi nyingine. Tazama fyuzi, halafu swichi za usalama: ya kiti, ya breki na ya visu. Umekanyaga breki hadi mwisho? Visu vimezimwa? Nimewahi kuitwa kutoka Lang'ata hadi Runda kwa sababu mtu aliacha kitufe cha visu kimevutwa. Nilimtoza nauli tu, na bado alinuna. Trekta ikizimika kila ukipita kwenye shimo, shuku swichi ya kiti au plagi ya nyaya zake iliyolegea.

Mashine nyingi tunazonunua zikiwa zimetumika huja swichi hizo zimerukwa, fundi wa awali ameunganisha nyaya zake moja kwa moja. Ukikuta hivyo, zirudishe. Mtu akianguka kutoka kwenye kiti, swichi ile ndiyo inayozuia visu visiendelee kuzunguka. Vilevile ule mtindo wa kugusanisha bolti za solenoidi kwa bisibisi ukiwa umesimama mbele ya gurudumu, uache. Kama gia imeingia, trekta inakupanda wewe.

Injini ikizunguka vizuri lakini haiwaki, kumbuka kwamba nyingi ya hizi hupata cheche kutoka kwa magneto, kifaa kinachotengeneza umeme wake injini inapozunguka, si kwa betri. Kuna waya mwembamba unaozima injini kwa kuipeleka magneto kwenye erthi. Ukichubuka na kugusa fremu, hupati cheche. Usiupe volti 12 kwa majaribio, utaunguza koili ya magneto. Baadhi pia zina solenoidi ndogo chini ya kabureta inayofungua mafuta. Hiyo inahitaji betri, na hulia taratibu ukiwasha ufunguo.

Panya nao wana mambo yao. Januari na Februari, nyasi zikiwa zimekauka, trekta hulala stoo na wao hujenga chini ya kifuniko cha injini. Kabla ya msimu huwa nafuatilia nyaya kwa vidole.

Injini ikishawaka, pima betri tena ukiwa umeongeza kasi ya injini. Isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12.4 na kuendelea kushuka, haichaji: angalia plagi ya regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, na erthi yake kabla ya kununua chochote.

Betri yangu ya zamani sasa inawasha taa ya banda la kuku. Solenoidi mpya bado ninayo, imefanya kazi siku moja. Anayeitaka aje, na aje na mita yake.