Ufa unarudi kila mvua: simenti gani itauziba?

SWALI: Injinia, salamu kutoka Kasese, Uganda. Mimi na mume wangu tunajenga nyumba ya vyumba vinne kidogo kidogo tangu 2021, kwa matofali tuliyoyafyatua na kuyachoma wenyewe. Tanuru la kwanza liliharibiwa na mvua, fundi wa kwanza akatoweka na pesa ya lenta, lakini Agosti iliyopita tulipiga mabati tukahamia vyumba viwili ili tuache kulipa kodi. Novemba ufa ukatokea kwenye dirisha la chumba cha watoto. Unapanda kama ngazi hadi kona ya nyumba, na huko juu penseli inaingia. Fundi aliuziba kwa simenti na waya, akapiga plasta. Januari ukafunguka palepale. Sasa anataka mifuko kumi ya simenti ya nguvu zaidi, ile ya 42.5, apige plasta upya. Shemeji anasema tuache, nyumba inakaa tu. Udongo wetu ni mweusi, kiangazi unapasuka. Pesa tuliyonayo inatosha hiyo mifuko peke yake. Je, tuinunue? Mama wa watoto wanne.

JIBU: Usinunue, dada yangu. Hata mfuko mmoja. Na leo usiku watoto walale chumba kingine, mpaka mtu anayejua kazi auone huo ukuta.

Ufa ulioandika habari zake unajieleza wenyewe. Unafuata viungo vya matofali kama ngazi, mwembamba chini, mpana juu, unaelekea kona. Maana yake kona hiyo imeshuka na sehemu nyingine ya nyumba imebaki pale ilipokuwa. Nyufa za plasta mimi nazijua: ni nyembamba kama unywele, zimetapakaa kama utando, hazichagui kona. Wako unatoka chini ya msingi, na fundi wako anautibu usoni.

Swali hili nalipata kila msimu wa mvua, na kila mara dawa iliyopendekezwa ni ile ile: simenti. Ukuta umepasuka, ongeza simenti. Sakafu inatoa vumbi, ongeza simenti. Maji yanapanda ukutani, simenti. Imenichosha, kwa sababu wanaolipa ni watu kama nyinyi, mnaohesabu kila shilingi kati ya ada ya shule na mabati. 32.5 na 42.5 ni kipimo cha nguvu ya simenti ikigandamizwa maabara baada ya siku 28. Hakuna namba kwenye mfuko inayozuia ardhi kusogea. Udongo ukishuka, plasta ya 42.5 itapasuka kama ile ya kwanza, tofauti ni bei tu. Tena plasta yenye simenti nyingi kupita kiasi husinyaa zaidi inapokauka, ikaongeza nyufa zake juu ya zile zilizokuwapo.

Sasa huo udongo mweusi. Wazee waliolima pamba wanaujua vizuri: mvua ikinyesha unavimba na kunata kwenye jembe, kiangazi unasinyaa mpaka mkono unaingia kwenye mipasuko. Nyumba yenu imekaa juu ya kitu kinachopumua. Ingevimba na kusinyaa kote kwa pamoja, pengine msingeona kitu. Tatizo ni kona moja kupata maji mengi au machache kuliko nyingine. Kwa hiyo tazama kona hiyo. Je, mna gata? Paa la nyumba ya vyumba vinne lina kama mita za mraba 100. Mvua moja kubwa ya milimita 50 inamwaga juu yake lita 5,000, yaani jerikeni 250, na bila gata zote zinaangukia miguuni mwa kuta zenu. Je, maji ya bafu yanaishia upande huo? Kuna mkaratusi karibu? Mti huo hunyonya maji ya ardhini kiangazi kizima. Lakini msikimbilie kuukata leo, kwa sababu udongo uliozoea kunyonywa ukiachwa ghafla huvimba, na ukuta unasukumwa upande wa pili.

Shemeji anaposema nyumba inakaa, anasema jambo ambalo lipo. Nyumba mpya hushuka kidogo. Lakini tusikisie wakati tunaweza kupima. Pigilia misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa rula na uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Weka alama ya penseli pale ncha ya ufa ilipofika. Rudia kila wiki mbili hadi mvua za Machi hadi Mei zipite. Ukiona namba zimesimama, shemeji yuko sahihi na kazi itakuwa ndogo. Zikipanda, ardhi bado inatembea.

Wakati mnapima, ile pesa ya mifuko kumi iende kwenye maji. Gata upande wa kona hiyo kwanza, pande nyingine pesa ikipatikana. Mtaro wa kupeleka maji mbali na nyumba. Kisha ukanda wa zege wa upana wa mita moja kuzunguka kuta, ulioinama kuelekea nje. Kama namba bado zinapanda, msingi wa kona utachimbuliwa na kuongezewa kina chini yake, kipande cha mita moja kwa zamu, kipande kingine kisiguswe mpaka cha kwanza kimekomaa. Fundi akikuambia atachimba upande mzima kwa siku moja, mfukuze. Matofali yaliyovunjika yatatolewa na kusukwa mapya baada ya hapo. Plasta ni ya mwisho kabisa.

Kuna jambo moja kwenye barua yako ambalo limenisumbua kuliko ufa. Fundi alitoroka na pesa ya lenta. Baada ya hapo, mlifunga mkanda wa zege na nondo kuzunguka nyumba nzima, au mliweka vipande juu ya milango na madirisha tu? Tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Machi 1966 na tena Februari 1994 ardhi ya Toro ilitetemeka, nyumba zikaanguka, watu wakafa. Mkanda ndio unaoshika kuta nne zisiachane. Kama haupo, mwambieni injinia wa wilaya hivyo kabla hata ya kumwonyesha ufa. Kumuuliza si kujichongea. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 imeweka kamati za majengo wilayani, na ni afadhali wakute kosa mapema.

Wanaoanza kujenga sasa, naomba wasome hapa polepole. Kabla ya kufyatua tofali la kwanza, chimbeni shimo la mita moja na nusu hadi mbili kwenye kiwanja. Ni kazi ya vijana wawili kwa siku moja. Mkikuta maramu, ule udongo mgumu wa changarawe, mmebahatika. Mkikuta udongo mweusi, msingi wa nyumba ya jirani aliye kilimani hauwafai, wala ramani iliyotumwa kwenye simu na mtu ambaye hajakanyaga kiwanja chenu. Muulizeni mwenyekiti wa LC, yaani wa kijiji, na majirani maji yalipita wapi mto ulipofurika. Kasese iliona mto Nyamwamba ukifurika 2013 na tena 2020, na bado naitwa kuangalia viwanja vilivyouzwa kando ya njia ile ile ya maji.

Na hiyo simenti mnayoiamini, itumieni kwa kipimo. Mfuko wa kilo 50 unajaza sanduku la mbao la sentimita 30 kwa 30 kwa 40. Pimeni mchanga na kokoto kwa sanduku hilo hilo, si kwa koleo. Maji ni lita 25 hadi 30 kwa mfuko, jerikeni moja na nusu kwa kikomo, na yapunguzwe kama mchanga una unyevu. Nimesimama kwenye sehemu za ujenzi nikaona jerikeni tatu zikiingia ili zege liteleze vizuri na vijana wawahi kumaliza, halafu fundi huyo huyo akadai simenti zaidi kwa sababu zege lake ni dhaifu. Maji ya ziada hukauka yakaacha matundu, na nguvu inaondoka nayo. Baada ya kumwaga, lifunikeni kwa magunia na kulimwagilia siku 7 angalau, asubuhi na jioni, hata kama ni watoto wanaobeba maji wakitoka shule.

Daftari la vipimo utakalolianza wiki hii, mpelekee injinia pamoja na picha ya ufa wenye rula kando yake. Atajua mengi kabla hajapanda boda kuja kwenu.