Ndoa ya Shaaban Robert katika shairi la "Amina"

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Ujiji, Kigoma. Wanafunzi wangu husema "Amina" ni shairi la mapenzi, ilhali babamkwe wangu, mpenzi mkubwa wa mashairi, hushikilia kuwa ni maombolezo tu, kwa sababu mume mwenye heshima zake hayaanikii watu mapenzi yake kwa mkewe. Je, ndoa ya Shaaban Robert iliathiri vipi utunzi wake kuhusu mapenzi na utengano?
Msomaji wa Ujiji

JIBU: Mwalimu, mfikishie mzee shikamoo yangu, na umwambie kwamba hajakosea sana. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alilitunga shairi hilo baada ya kufiwa na mkewe, Amina, ambaye habari zake amezieleza pia katika tawasifu yake, Maisha Yangu. Ni maombolezo, lakini ni maombolezo ya mume, na hapo ndipo tunapoachana njia na mzee.

Katika mashairi mengi ya mapenzi ya pwani, mpendwa hufichwa nyuma ya ua, tunda au njiwa, kwa kuwa mara nyingi penzi lenyewe halijapata ruhusa ya kujulikana. Shaaban Robert anaanza na jina: "Amina umejitenga, kufa umetangulia." Ua linafuata katika mstari wa pili, likiwa limefunga baada ya kuchanua, wala halimfichi mtu, maana aliyekusudiwa amekwisha kutajwa. Mapenzi yaliyofungishwa mbele ya mashahidi hayakuhitaji fumbo. (Najua kwamba kwenu Ujiji, kama kwetu Tabora, wako waume ambao maisha yao yote humwita mke "mama fulani", huenda hilo ndilo linalomkera mzee.)

Utengano nao umebadilika sura. Soma naye maneno haya: "Nilitaka unyanyuke, kwa kukuombea dua, sikupenda ushindike, maradhi kukuchukua." Hapa hamna lawama za aliyetupwa wala vijembe kwa mshindani, mna mume mwenye mgonjwa ndani, ambaye haja yake ni moja tu, mkewe ainuke. Tena hamlaumu aliyeondoka, kwa kuwa hakuondoka kwa hiari yake. Kibwagizo, "mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua", hakikubali kuwa mauti yamevunja ahadi, na ubeti wa mwisho unaitazamia siku ambayo vumbi litaungana, roho irudishwe na mapenzi yarejee. Imani ya kufufuliwa inafanya kazi ambayo katika nyimbo nyingine hufanywa na barua, au na gari moshi linalomrudisha msafiri.

Hata hivyo, wanafunzi wasije wakadhani kwamba kila ubeti wa mapenzi alioutunga ulitoka nyumbani kwake. Mimi naiona athari ya ndoa zaidi pale asipoimba mapenzi hata kidogo, yaani katika Utenzi wa Hati, aliomwandikia binti yake, ambamo miongoni mwa mawaidha mengi anamwusia namna ya kuishi na mume. Ukiusoma wasia huo baada ya "Amina", ukali wake unapungua, kwa sababu unajua mwusia mwenyewe aliipenda nyumba yake na akafiwa. Ningekushauri uzisome tungo hizo mbili katika kipindi kimoja, na kama mzee ana sauti, mwalike aje aghani "Amina" darasani kabla wanafunzi hawajaanza kuhesabu mizani.