Viza ya kazi imekwama: jua kwanza faili liko meza ya nani

Mkuu, umeuliza ufanye nini ikiwa mwajiri anasema "tumeshatuma kila kitu", ubalozi haujibu barua pepe, na tarehe ya kuanza kazi inakaribia. Kabla hujaandika malalamiko mengine, tafuta kujua faili liko wapi. Viza ya kudhaminiwa na mwajiri kwa kawaida hupita meza tatu: ya mwajiri au mwanasheria wake, ya mamlaka ya kazi au uhamiaji ya nchi unayokwenda, kisha ya ubalozi. Watu wengi wanaisumbua meza ya tatu wakati faili halijatoka hata kwenye ya kwanza.

Kipimo chako ni namba. Mwajiri aliyewasilisha maombi kweli anayo namba ya kumbukumbu, na hana sababu ya kukuficha. Kwa viza ya H-1B ya Marekani, ile ya wafanyakazi wenye utaalamu, ni namba ya risiti ya fomu I-129 ambayo mwajiri huijaza kukuombea, herufi 3 zikifuatwa na tarakimu 10, ambayo unaiingiza mwenyewe kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ukaona ilipofika. Kwa Uingereza ni namba ya cheti cha udhamini, ambacho kwa kweli si karatasi bali ni rekodi kwenye mfumo wa serikali. Omba bila ugomvi: "Naomba namba ya kumbukumbu na tarehe maombi yalipopokelewa, nizijaze kwenye fomu yangu." Ukijibiwa "iko kwenye mchakato" mara ya pili na ya tatu bila namba, chukulia kwamba hakuna kilichotumwa.

Meza ya pili ndiyo yenye mambo. Marekani mwajiri anaweza kulipia huduma ya haraka, na USCIS inatakiwa kuchukua hatua ndani ya siku 15 za kazi. Hatua hiyo si lazima iwe kibali. Inaweza kuwa barua ya kutaka ushahidi zaidi, na hapo saa inasimama; majibu yakipokelewa, zinaanza kuhesabiwa siku 15 nyingine. Majibu yenyewe hutumwa mara moja tu, yote kwa pamoja. Ukituma nusu ukitarajia kuongeza baadaye, wataamua kwa hicho ulichotuma. Halafu ada hiyo haigusi ubalozi hata kidogo: faili likitoka USCIS linarudi kwenye foleni ya kawaida ya miadi.

Ujerumani ina utaratibu wa haraka wa wafanyakazi wenye ujuzi. Mwajiri, kwa idhini yako ya maandishi, anauomba kwenye ofisi ya masuala ya wageni kwa ada ya euro 411. Idhini ya awali ikishatoka, ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki 3, na kuamua ndani ya wiki 3 nyingine tangu maombi yakamilike. Inavutia, ila hesabu hiyo haianzi kabla elimu yako haijakubalika. Angalia mapema kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje: chuo chako kimo? Na shahada yako imo? Isipokuwemo utahitaji tathmini ya ZAB, ofisi ya Ujerumani inayopima vyeti vya elimu vya nje, na hiyo unaweza kuiomba mwenyewe, kwa hiyo usingoje mwajiri akukumbushe.

Kwenye ubalozi, ujue kusoma hali ya maombi. Ukizuiliwa chini ya kifungu 221(g) cha sheria ya Marekani, mtandaoni itaandikwa kwamba umekataliwa, na watu huvunjika moyo hapo bure. Mara nyingi maana yake ni kwamba karatasi fulani inadaiwa au uchunguzi unaendelea. Kama ni karatasi, una mwaka mmoja kuiwasilisha. Mwaka huo ukiisha, unaanza upya na ada unalipa tena.

Uingereza muda wa kawaida kwa aliye nje ya nchi ni wiki 3, lakini unahesabiwa tangu ulipotoa alama za vidole na kukamilisha utambulisho, si tangu ulipolipa mtandaoni. Muda ukipita ndipo uandike, barua moja fupi: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kumbukumbu, tarehe ya alama za vidole, na swali moja tu, "Je, kuna nyaraka mnayoisubiri kutoka kwangu au kwa mwajiri?" Hadithi ya shida zako iache.

Kuna kosa ambalo linafanana na bidii: kukusanya kila kitu siku ile ile unayopata kazi. Cheti cha kifua kikuu kwa Uingereza kinadumu miezi 6, cheti cha udhamini kinatakiwa kitumike ndani ya miezi 3 tangu kitolewe, na vipimo vya afya vya Kanada vinadumu miezi 12. Meza ya kwanza ikichelewa, hivi vinakufia mkononi. Tanguliza visivyokwisha muda: tafsiri ya vyeti, utambuzi wa shahada, na hati ya kiapo ya majina. Hiyo ya majina msiidharau. Pasipoti ina majina matatu, shahada ina mawili, na mkataba umeandikwa na karani aliyebadilisha herufi moja. Afisa anaona watu watatu. Kosa dogo kwenye cheti cha udhamini mdhamini anaweza kulirekebisha kwa kuongeza maelezo kwenye rekodi ile ile, mradi umemwambia kabla uamuzi haujatoka.

Tarehe ya kuanza kazi isikutoe jasho kabla hujazungumza nao. Omba barua ya marekebisho ya mkataba inayosema utaanza baada ya viza kutoka. Kazi uliyo nayo usiiache, na tiketi usinunue.

Na akitokea wakala anayetaka hela "ya kuharakisha cheti", elewa kwamba kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ya Uingereza gharama ya cheti cha udhamini ni ya mwajiri na haruhusiwi kukutupia wewe. Orodha ya wadhamini wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Ipakue, tafuta jina la kampuni yako. Lisipokuwemo, hakuna viza inayochelewa hapo.