Jibu: Vipimo safi, lakini mgonjwa hana nguvu

Ndugu, umeuliza inakuwaje vipimo vya damu vya mkeo viwe safi ilhali akijikaza kidogo tu, kesho yake hawezi kuinuka kitandani. Hali kama hiyo huonekana kwenye ugonjwa wa uchovu sugu (ME/CFS).

Vipimo vya kawaida havionyeshi seli zinavyozalisha nishati. Kazi hiyo ni ya mitokondria, vijisehemu vilivyo ndani ya seli, zinazotumia oksijeni kutengeneza ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ya seli. Zikilegea, seli hutegemea zaidi njia isiyotumia oksijeni: ATP kiduchu, asidi ya laktiki tele. Baadhi ya wagonjwa wa uchovu sugu wakipimwa kwenye baiskeli ya maabara siku mbili mfululizo, uwezo wao hushuka siku ya pili. Mtu asiye mgonjwa, hata awe mvivu wa mazoezi, kwa kawaida hurudia matokeo yaleyale.

Mwaka 2023 Paul Hwang na wenzake, Marekani, walikuta protini ya WASF3 imezidi kwenye misuli ya wagonjwa wa uchovu sugu, nayo huvuruga mitokondria. Ila waliopimwa walikuwa wachache, na huenda hitilafu hiyo ni matokeo ya ugonjwa, si chanzo.

Tafadhali usimlazimishe mazoezi eti atazoea. Mwongozo wa matibabu ya ugonjwa huu wa Uingereza wa 2021 uliachana na tiba hiyo ya kuongeza mazoezi kidogo kidogo. Apumzike kabla hajachoka. Na hizo tembe za “kuamsha mitokondria” ulizouziwa? Hakuna iliyothibitishwa kuponya.