Kabla ya Kufungua Ripoti ya Mwaka ya Kaunti: Ushauri kwa Wanaoanza

Kila mwaka, ripoti za mwaka wa fedha uliokwisha zinapoanza kutoka, kikundi chetu cha kufuatilia bajeti hapa Nairobi hupata vijana wawili watatu wapya, na karibu wote huanza na kosa lile lile nililoanza nalo mimi. Hufungua ripoti, hutafuta asilimia ya fedha zilizotumika, kisha hutoa hukumu papo hapo: ikiwa juu, kaunti imefanya kazi, ikiwa chini, kaunti imelala. Ninawaandikia nyinyi mnaojiunga msimu huu ili mjue mapema kwamba asilimia hiyo haijibu swali lililowaleta, yaani kama huduma imemfikia mkazi. Inachoeleza ni kiasi gani cha fedha zilizopangwa kimetoka kwenye akaunti, basi.

Niliujua ukweli huu kwa aibu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilisimama kwenye kikao cha maoni ya umma, katika ukumbi mmoja wa kijamii huku Eastlands, nikiwa na karatasi mbili mkononi, nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyefumania kwamba nusu ya fedha za zahanati zimeliwa, kwa kuwa kilichotengwa kilikuwa maradufu ya kilichotumika. Watu walipiga makofi. Wakati wa chai, afisa mmoja wa bajeti, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniita kando.

"Kijana wangu, hiyo bajeti uliyoshika ni ya Juni," aliniambia. "Ripoti haiisomi hiyo. Inasoma bajeti ya ziada, ile inayorekebisha ya kwanza katikati ya mwaka."

Akanifungulia ukurasa na kuniwekea kidole kwenye mstari. Fedha nilizodai kwamba zimeliwa zilikuwa zimehamishwa katikati ya mwaka kwenda idara nyingine, na bunge la kaunti lilikuwa limepitisha uhamisho huo. Nilisema, "Asante, mama," huku masikio yakiniwaka. Malalamiko ya haki yalikuwepo, kwa maana zahanati zilikuwa zimenyang'anywa fedha kwa kura ambayo hakuna aliyeifuatilia, lakini mimi nilikuwa nimelalamikia jambo jingine kabisa, na kwa kufanya hivyo nilimpa kila aliyekuwa meza kuu sababu ya kutonisikiliza tena.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha chochote, hakikisheni mnalinganisha ripoti na bajeti ya mwisho iliyoidhinishwa, kisha rudini nyuma muitazame ile ya kwanza mjue ni nani aliongezewa na nani alipunguziwa. Halafu jifunzeni kutenganisha fedha za aina nne ambazo kwenye jedwali hufanana kama mapacha. Kuna zilizotengwa, ambazo ni ahadi. Kuna zilizotolewa, yaani zile ambazo Msimamizi wa Bajeti ameruhusu zitoke kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 hairuhusu kaunti kuchota humo bila kibali chake. Kuna zilizolipwa. Na kuna zinazodaiwa, ambazo ni kazi iliyofanywa, ankara ikaletwa, na mwenye kazi hajalipwa. Kwa miaka mingi vitabu vya kaunti viliandikwa kwa msingi wa fedha taslimu, maana yake deni halikuhesabiwa kuwa matumizi hadi siku lilipolipwa, na hivyo mwaka ungeweza kuonekana wa kubana matumizi ilhali bili zilikuwa zikirundikana kwenye viambatisho vya mwisho ambavyo hakuna anayevisoma. Nairobi ndiyo kaunti yenye malimbikizo makubwa kuliko zote: mwishoni mwa Juni 2024 yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 80, wakati bajeti nzima ya mwaka huwa bilioni 40 na ushei. Sehemu ya deni hilo imerithiwa kutoka kwa lile baraza la jiji la kabla ya ugatuzi wa 2013. Mtu anayesoma ripoti ya mwaka bila kufika kwenye ukurasa wa madeni ni sawa na anayehesabu mshahara wa jirani bila kuuliza anadaiwa kiasi gani dukani.

Ukurasa wa mapato ndio ninaopenda kukaa nao zaidi, na ningependa nanyi mkae nao, kwa sababu chanzo cha matatizo mengi ya huduma kiko hapo. Kaunti zote 47 hupata mgao kutoka kwa mapato ya taifa, ambao Katiba inataka usipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa, na mgao wa Nairobi ndio mkubwa zaidi. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 ulikuwa takriban shilingi bilioni 19.2. Lakini Nairobi, tofauti na kaunti nyingi, hutegemea sana pia mapato yake ya ndani: kodi ya ardhi, ada za maegesho, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, mabango ya matangazo, kodi ya nyumba na vibanda vya kaunti. Kodi ya ardhi peke yake ingetosha kuwa somo la muhula mzima. Kwa takriban miaka arobaini viwango vilitozwa kwa thamani za daftari la uthamini wa ardhi la mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati viwanja vingi vya leo vyenye maghorofa vilikuwa bado vichaka, na ni mwaka 2022 tu ambapo daftari jipya lilianza kutumika, kwa kiwango cha asilimia 0.115 ya thamani ya ardhi kwa mwaka.

Sasa angalieni pengo kati ya lengo na makusanyo. Katika mwaka wa 2023/24 lengo la mapato ya ndani lilipita shilingi bilioni 19, na kilichokusanywa hakikufika bilioni 13. Mgeni huliona pengo hilo kama uzembe wa watoza ushuru, na pengine uzembe upo, lakini tazameni linafanya nini ndani ya bajeti. Lengo likishawekwa juu, matumizi nayo hupangwa juu ili hesabu isawazike kwenye karatasi. Fedha zisipoingia, mishahara haiwezi kusubiri, wala umeme wa hospitali, wala mafuta ya magari ya taka. Kinachosubiri ni barabara ya mtaa, soko lililoanzwa, ukuta wa zahanati. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iwe ya maendeleo, na kwenye bajeti ya Juni mtaikuta asilimia hiyo imewekwa vizuri kabisa. Lengo la mapato likiwa la hewa, asilimia 30 hiyo nayo ni ya hewa. Mwananchi huambiwa mradi wake "umo kwenye bajeti", na si uongo, ila umo katika ile sehemu ya bajeti ambayo fedha zake hazikuwahi kutarajiwa kwa dhati. Mimi huona hili ni kosa kubwa kuliko matumizi mengi yanayopigiwa kelele magazetini.

Mtego mmoja mdogo hapo hapo. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, hospitali za umma hubaki na fedha wanazolipa wagonjwa badala ya kuzipeleka kwenye mfuko mkuu wa kaunti. Mkiona mapato ya ndani yameruka ghafla, ulizeni kwanza kama makusanyo ya hospitali yamejumlishwa mwaka huu na hayakujumlishwa mwaka uliotangulia.

Kulinganisha miaka kunahitaji uangalifu wa namna nyingine pia kwa Nairobi. Kwa hati iliyotiwa saini tarehe 25 Februari 2020, kaunti ilihamishia serikali ya kitaifa majukumu ya afya, uchukuzi, ujenzi wa umma pamoja na mipango ya jiji, na yakaendeshwa na Mamlaka ya Huduma za Jiji la Nairobi hadi mwaka 2022. Mtu akichora mchoro wa matumizi ya afya tangu 2018 bila kujua hilo, atapata bonde katikati na kulibunia maelezo.

Juu ya jukumu la nani ni lipi sitakawia, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ni la kurasa chache na kila mmoja wenu atalisoma kabla ya kikao kijacho. Thika Road si ya kaunti. Polisi si wa kaunti. Chekechea na vyuo vya ufundi vya mitaani ni vya kaunti, ila shule za msingi si zake, ingawa mpango wa chakula wa Dishi na County ulioanza 2023, ambao mtoto huchangia shilingi tano kwa sahani, huhudumia shule za msingi, na ndiyo maana mtasikia mjadala wa mara kwa mara kuhusu makubaliano baina ya serikali mbili. Maji husambazwa na kampuni inayomilikiwa na kaunti lakini yenye hesabu zake. Msiyatafute kwenye vitabu vya idara mkayakosa mkafikiri yamefichwa.

Sasa nije kwenye huduma zenyewe, na hapa neno la kuchungwa ni "umekamilika". Miaka kadhaa iliyopita nilifuatilia mtaro wa maji ya mvua katika mtaa mmoja ambao sitautaja. Ripoti iliuandika kuwa umekamilika kwa asilimia 100. Nilikwenda na kamba ya kupimia na rafiki mmoja, tukaanzia juu barabarani, na kwa kweli mtaro ulikuwa mzuri: kuta za mawe, sakafu laini, vifuniko vya zege kwenye vivuko. Tukaufuata hadi kwenye mlingoti mmoja wa umeme, na hapo ukakatika kama mkate uliokatwa kwa kisu. Hatua kumi mbele yake palikuwa na kibanda cha fundi cherehani. Mama yule alituonyesha mstari wa tope kwenye mguu wa mashine yake, juu kidogo ya kikanyagio, akasema kabla ya mtaro maji yalikuwa yakitawanyika mtaani, kila mtu na dimbwi lake, lakini siku hizi yanakusanywa vizuri na kuletwa kwake yote.

Tulirudi kwenye hati za tenda. Kandarasi ilikuwa ya awamu ya kwanza, mita kadhaa, na mita zile zilikuwepo zote. Mwanakandarasi hakuiba, aliyeandika ripoti hakudanganya. Awamu ya pili ilikuwa imeondolewa na bajeti ya ziada. Ripoti ilipima kandarasi, na sisi tulikuwa tukitafuta maji yameelekea wapi. Tangu siku ile, kila ninapokuta "kituo kimejengwa" huuliza kama kina muuguzi na dawa. Nikikuta "taa zimewekwa" huuliza zimewaka usiku ngapi. Nikikuta idadi ya sahani za chakula huuliza ni siku ngapi za shule. Chagueni huduma moja katika wadi yenu, moja tu kati ya zote za wadi 85, na muifuate mwaka mzima tangu kwenye mpango hadi kwenye mguu wa cherehani. Kijana aliyefanya hivyo hunifundisha zaidi kuliko aliyepitia kurasa mia tatu kwa juma moja.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu isomeni kuanzia nyuma. Katiba humpa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa, yaani hadi mwisho wa Desemba, kisha bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili. Watu hukimbilia aina ya hati, kama ni safi au ina walakini, na hati safi ikitoka hufanyiwa sherehe; lakini hati safi husema tu kwamba vitabu vinaonyesha ukweli wa hesabu. Kitabu kinaweza kuonyesha kwa ukweli kabisa kwamba fedha zilitumika vibaya. Sehemu yenye faida kwenu ni ile ya masuala ya miaka iliyopita ambayo hayajatatuliwa, kwa sababu suala linalojirudia mwaka wa tatu mfululizo huonyesha ni kamati gani ya bunge la kaunti haikuketi.

Mkinyimwa hati, msianze na matusi wala na mtandao. Andikeni barua mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi mnayoiandikia siku 21 za kujibu, iacheni masjala ipigwe muhuri, nanyi mbaki na nakala yenye muhuri huo. Makarani wa masjala wasalimieni kwa heshima na mjue majina yao. Wao ndio wanaojua faili iko kabati gani, na wengi wamechoka kuulizwa maswali na watu wasiorudi.

Mpango wa maendeleo wa mwaka ujao hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio kabla ya mwisho wa Aprili. Mkitaka mradi uingie, tarehe ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo kumbi huwa tupu. Mwaka jana tulikuwa watu tisa, pamoja na yule fundi cherehani, aliyefunga kibanda asubuhi hiyo akaja na picha ya mtaro kwenye simu yake.