Niliandika "inasemekana", si hiyo inanilinda? Wakili anajibu

SWALI: Habari wakili. Mimi niko Kasarani. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nabishana na jamaa nisiyemjua huko X, tulianza na ushuru tukaishia kama polisi wanaweza kukushika juu ya posti. Akaniita kibaraka wa wazungu, nami nikaandika "inasemekana huyu ndiye alikula pesa za basari za wadi yao", nilikuwa nimeona mtu mwingine ameandika hivyo. Nikaweka na namba yake ya simu watu wamsalimie. Kesho yake nikadiliti zote mbili. Juzi nimetumiwa barua ya wakili kwa WhatsApp, anataka 500,000 na msamaha ndani ya siku saba, na jamaa mwenyewe anasema atanifunga na Kifungu cha 29. Akaunti yangu haina jina langu, ni jina la utani tu na namba ya M-Pesa ya wenye wanataka kuniungisha. Kuna mtaalamu ananiambia kwa 8,000 atafuta kila kitu hata skrinshoti. Nilipe nani? Na si nilisema "inasemekana"?

JIBU: Ndugu yangu, wacha nianze na hilo neno lako, juu ndilo linanipandisha presha kila wiki. Kila kijana anayeingia ofisini kwangu na barua kama yako ananionyesha simu, anakuza lile neno kwa vidole viwili halafu ananiangalia kama mtu aliyemwonyesha askari kitambulisho na sasa anangoja aruhusiwe kupita. Hakuna kupita. Sijui ni nani aliwafundisha ati ukiweka "inasemekana" au "inadaiwa" mbele ya tuhuma basi hiyo tuhuma si yako tena, lakini aliyewafundisha hajawahi kusimama mbele ya hakimu akajaribu kusema hivyo.

Korti haitoi neno moja kwenye sentensi ikaliweka kando. Inauliza mtu wa kawaida mwenye akili zake akisoma pale ataelewa nini. Na ataelewa umesema huyu jamaa ameiba pesa za karo za watoto. Kwamba ulisikia kwa mwingine haikusaidii, juu kwenye kesi ya kuharibiana jina mtu akirudia uongo anabeba mzigo ule ule wa aliyeuanzisha. Ukiandika "nimesikia fulani ni mwizi" huwezi kujitetea kwa kuthibitisha kwamba ni kweli ulisikia, unatakiwa uthibitishe kwamba fulani ni mwizi. Na ile nyingine ya "nimeforwadi tu kama nilivyopata" ni ndugu yake wa tumbo moja. Nimeona mama wa chama wa miaka sitini analia kwa sababu ya kuforwadi kitu ambacho hata hakukisoma mpaka mwisho, na yeye aliamini kabisa hayo maneno chini yake yanamlinda kama dua.

Kinachokulinda ni ukweli unaoweza kuuonyesha. Kama ungekuwa na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu inayosema basari za wadi hiyo hazina stakabadhi, ukaandika ripoti inasema hivi, ukurasa huu, halafu ukaongeza kwamba kwa maoni yako waliozisimamia wajiuzulu, mimi ningekuambia nenda ulale. Hayo ni maoni ya haki juu ya jambo linalohusu umma na yamesimama juu ya kitu. Ona vile hata hukuhitaji "inasemekana" hapo. Na kama ungemwita mjinga, kichwa maji, chawa wa serikali, hayo ni matusi ya kubishana, hayapendezi lakini kesi ya kumwita mtu mjinga ni ngumu sana kushinda kwa sababu hakuna anayesoma akadhani umetoa habari. Shida inaanza pale unapotoka kwa tusi ukaingia kwa tukio, alikula, alibaka, alihonga, alighushi. Hayo ni matukio, na matukio yanadai ushahidi.

Sasa barua. Kwanza barua ya wakili si amri ya korti, na hiyo 500,000 hakuna jaji aliyeipima, ni bei ya kuanzia tu kama ya soko la Gikomba. Usilipe kwa woga. Ingia kwa tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, kuna mahali pa kutafuta jina la wakili yeyote uone kama yuko na kama ana leseni ya mwaka huu. Ukimpata hapo, mpigie kwa namba ya ofisi yake uliyoitafuta mwenyewe, sio ile iliyo kwenye barua, umuulize kama ni yeye aliandika. Nairobi imejaa madalali wanaochapa barua na muhuri wa kununua halafu wanagawa pesa na mlalamishi. Lakini usiidharau ati kwa sababu imekuja kwa WhatsApp, hapo wengi wamechomeka. Tangu kanuni za kesi za madai zibadilishwe 2020 hata samansi ya korti inaweza kukufikia kwa WhatsApp au kwa barua pepe, na ukiinyamazia muda uliowekwa uishe, mwenzako anaomba hukumu wewe ukiwa nyumbani unatazama mpira. Yeye ana miezi 12 tangu uposti kukushtaki, baada ya hapo dai la kashfa limelala. Na akikutisha na Korti ya Madai Madogo mwambie akasome sheria yake ya 2016, kesi za kashfa zimekatazwa huko waziwazi.

Kuhusu akaunti kutokuwa na jina lako, kaa chini ujiulize swali moja: kama haina jina, barua ilifikaje kwa WhatsApp yako? Umeweka namba ya M-Pesa pale juu. Mtu akianza kukutumia shilingi kumi jina lako linamtokea kabla pesa haijaenda, na laini yenyewe imesajiliwa na kitambulisho chako.

Kudiliti ulifanya vizuri kwa sababu posti iliacha kuenea, lakini hukufuta kilichokwisha kusomwa. Na ulidiliti bila kujiwekea nakala, hapo ulijikata mguu mwenyewe, kwa sababu sasa yeye ana skrinshoti ya sentensi yako moja na wewe huna ya mjadala mzima, vile alivyokuanza, vile alivyokuita kibaraka, saa ngapi, nani mwingine alikuwa amesema habari ya basari kabla yako. Tafuta marafiki waliokuwa kwenye huo mjadala. Skrinshoti yake pia haiingii kortini ikitembea yenyewe, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B kinataka cheti kinachoeleza imetolewa kwa kifaa gani, vipi na nani, na nimeona kesi zikivunjika kwa kukosa hicho cheti. Ila usijenge nyumba juu ya hapo, wakili wake akiwa macho cheti kitakuwepo.

Huyo wa 8,000 mwambie afute mbele yako skrinshoti iliyo kwa simu ya mtu Githurai ambaye hamjui. Hawezi. Hakuna anayeweza. Anachoweza ni mambo mawili, kula 8,000 zako, au kujaribu kuvunja akaunti ya yule jamaa, na hapo wewe uliyekuwa unakabili dai la kawaida la kashfa umelipia kosa la jinai. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ni faini mpaka milioni tano au miaka mitatu ndani. Hawa watu nimewachoka, naongea ukweli. Wanapatikana kwa komenti za kila posti ya mtu aliye na shida, wanaandika "alinisaidia, mpigie", na anayeumia ni yule yule aliyekuwa tayari anaumia.

Na hicho Kifungu cha 29. Hiki ndicho kitu kingine kinaniudhi, kwa sababu nakikuta kwa kila ubishi wa sheria na sasa watu wanauliza programu za AI na zenyewe zinawaandikia vizuri kabisa kwa lugha ya korti. Kifungu cha 29 cha ile sheria ya habari na mawasiliano, kile cha kutumia vibaya kifaa cha mawasiliano, Jaji Mumbi Ngugi alikifuta Aprili 2016 kwenye kesi ya Geoffrey Andare. Kashfa kama kosa la jinai, kifungu cha 194 cha kanuni za adhabu, Jaji Mativo aliifuta Februari 2017. Kile cha 132, cha kudunisha mamlaka ya ofisa wa umma, kikaenda Aprili mwaka huo huo kwenye kesi ya Robert Alai. Watu wanatishana onlaini na sheria zilizokufa miaka mingi, halafu zile zilizo hai wanazikanyaga kila siku: dai la kashfa la kawaida, na chuki ya kikabila chini ya sheria ya utangamano ya 2008 ambayo ni faini mpaka milioni moja au miaka mitatu. Ukibishana siasa na mtu usiyemjua, siku utakapotoka kwa serikali ukaingia kwa kabila lake, hapo hakuna "inasemekana" wala "ilikuwa utani" itakayokutoa. AI ikikupa kifungu, kitafute mwenyewe kwa tovuti ya Kenya Law, ni bure, uone kama kiko na kama kuna jaji aliyekifuta. Dakika kumi tu.

Sitaki unielewe vibaya ukadhani nakuambia nyamaza. Nimesema kifungu cha 194 kilifutwa 2017, na bado Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alishikwa kwao Homa Bay juu ya posti inayomhusu naibu wa inspekta jenerali wa polisi, akaletwa mpaka kituo cha polisi cha Central hapa Nairobi, na hakutoka akiwa hai. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani, uchunguzi wa maiti ukaonyesha vingine. Wiki moja hivi kabla ya hapo Rose Njeri alikuwa amewekwa ndani wikendi ndefu ya Madaraka kwa kutengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma maoni juu ya Mswada wa Fedha, na Juni hiyo hiyo hakimu wa Milimani akayakataa yale mashtaka. Kwa hivyo yule mliyekuwa mnabishana naye akikuambia ukiwa na haki hakuna wa kukugusa, si kweli, na wewe ukimwambia sheria haina maana Kenya hii, pia si kweli, ni hiyo sheria ilimtoa Njeri. Ukishikwa, kipengele cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza, haki ya kuongea na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia siku korti imefungwa wanangoja siku inayofuata ya korti, ndiyo maana kukamata watu kunapenda sana Ijumaa. Mwambie mtu wa kwenu uko kituo gani kabla simu haijachukuliwa. Usiandike taarifa yoyote ukiwa peke yako hata kama ofisa anakuita ndugu na kukununulia chai.

Na kwa sababu hizo ni nyakati ngumu ndiyo naomba mtu asiwape watu kisu cha bure. Wenye nguvu wanatafuta kosa dogo la kukushikia, na wewe unawaandikia mwenyewe kwa hasira saa saba usiku ukijibu mtu ambaye hata hujui kama ni mtu.

Nimeacha namba ya simu mwisho kwa sababu wewe uliipitia haraka kama kitu kidogo, na mimi ndiyo ingeninyima usingizi. Najua ilitoka wapi, 2024 wakati wa maandamano namba za wabunge zilizunguka kila mahali na watu "wakawasalimia". Mbunge ni mtu wa umma, amechaguliwa, ana wapiga kura wa kumpigia, na hata hapo kuna mjadala. Huyu wako ni mtu tu. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019 na ofisi yake inafanya kazi, mwaka 2023 kilabu kimoja hapa Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Picha tu. Wewe umeweka namba ukaalika umati. Kama alipigiwa simu za vitisho usiku kucha, mke wake akapokea moja, hilo linaweza kukugeukia hata likawa kubwa kuliko basari, na hapo hakuna kubishana nani alisema ukweli.

Kwa hivyo leo, kabla ya kumjibu wakili wake, waandikie wote waliorudia hiyo namba waitoe, mmoja mmoja, ujiwekee nakala za hizo jumbe. Halafu tafuta wakili akuandikie majibu, ya basari uombe msamaha kwa sentensi mbili bila "kama nilikukosea", juu msamaha wa mapema unapunguza fidia, na pesa mzungumze baadaye kwa kiasi kilicho na akili. Na nyinyi wengine mnaosoma hii mkiwa na namba ya mtu iliyoforwadiwa kwa grupu asubuhi hii, hata msiyempenda, hata aliyewatukana, iachieni hapo hapo kwa simu yenu.