Wickham alijulikana, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unaniuliza kama katika Pride and Prejudice, ile riwaya ya Jane Austen, binti Elizabeth Bennet alimkosea yule tajiri Darcy, au alimwona sawasawa kisha Darcy ndiye akabadilika. Umesema kwenye kikundi chenu cha kusoma mligombana mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango. Mngenialika.

Kuhusu Darcy sina mengi. Kwenye dansi ya mjini Meryton alimwambia rafiki yake kwamba Elizabeth anavumilika tu, hana uzuri wa kumvutia yeye, na mwenye kusemwa amekaa pale pale anasikia. Hapo mtu anakosewaje? Kiburi kilikuwepo, kikaonekana. Mwisho wa kitabu Darcy mwenyewe anakiri kwamba alifundishwa mema, ila aliachwa ayafuate kwa majivuno. Basi, hilo limekwisha.

Mtu wa kumgombania ni Wickham, yule afisa kijana wa jeshi. Jane Austen alipokiandika kitabu hiki kwa mara ya kwanza, mwaka 1796 na 1797, alikiita First Impressions, yaani mtu anavyoonekana siku ya kwanza, na watu wote hukimbilia kwa Darcy wakidhani ndiye peke yake aliyeonekana vibaya. Mtazame huyu aliyeonekana vizuri. Hajazoeana na Elizabeth hata kidogo, wanakaa pamoja jioni moja nyumbani kwa dada wa mama yake Elizabeth, na tayari anamweleza jinsi Darcy alivyomdhulumu. Anasema hawezi kumwaibisha Darcy kwa heshima ya marehemu baba wa Darcy, na huku anamwaibisha. Darcy akishaondoka, mji mzima unaijua habari. Yote hayo Elizabeth aliyasikia kwa masikio yake, akaona ni mtu mwema aliyeonewa. Mimi nasema siku zote, na najua kaka yako hulimalizia kabla sijafika nusu: tabia ya mtu haijifichi, watu ndio wanaoificha.

Hebu hesabu waliojua. Darcy alijua kwamba Wickham alitaka kutoroka na mdogo wake Georgiana, mtoto wa miaka 15, kwa ajili ya urithi wake wa pauni 30,000. Alinyamaza ili kumsitiri mdogo wake, na hilo namwelewa. Akamweleza Elizabeth kwa barua. Elizabeth akamweleza dada yake Jane, wakakubaliana wasiseme, maana kikosi cha akina Wickham kilikuwa kinahama. Halafu Lydia, kitinda mimba wa nyumba yao, anaalikwa kwenda Brighton kilipo kikosi hicho hicho. Elizabeth anamsihi baba yake amzuie, anataja utundu wa Lydia, anataja aibu ya nyumba, lakini lile analolijua la Wickham halisemi! Hapo nilikifunga kitabu nikaenda kumwagilia mchicha.

Na huyo baba, mzee Bennet, ndiye anayenikera kuliko wote. Ana akili, anaona, anacheka. Wickham alipokuwa bado kipenzi cha mji, alimtania Elizabeth kwamba naye apate wa kumtosa, na Wickham angefaa kwa kazi hiyo. Kisha anamwachia Lydia aende kwa sababu asipokwenda nyumbani hakutakalika. Kila nikifika kwenye mzaha wake namsikia babu yenu.

Habari ya mamdogo wako na yule karani mnaijua kwa upande wa gauni tu. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni hakuna, sukari hakuna, na yule bwana akaja Korogwe na mche mzima wa sabuni kwenye gazeti. Bibi yenu aliupokea kwa mikono miwili. Lakini sabuni haikumlainisha kama maneno. Siku hiyo hiyo ya kwanza, tena mbele yetu watoto, bwana alieleza jinsi wakubwa wake kazini walivyomchukia kwa sababu alikataa kuiba. Bibi alilia. Kesho yake mtaa wote ulikuwa unamwombea.

Babu yenu hakulia. Alikuwa ameambiwa na mtu wa reli kwamba karani ana mke kule Same, na watoto. Akakaa nalo. Kila karani akija, babu anatania, "Huyu atatuoa sote kwa sabuni." Tunacheka. Mahari ikapokelewa, gauni likashonwa kwa kitambaa kilichopatikana kwa tabu ya kuhadithiana, na tangazo la kwanza likasomwa kanisani. Likasomwa la pili. Kabla ya la tatu, mwanamke akashuka kwenye treni na mtoto mgongoni, akauliza kwa heshima nyumba ya wakwe wa mumewe ni ipi.

Mamdogo wako alikuwa anachambua mchele. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu babu, "Baba, ulikuwa unajua?" Babu akasema, "Nilidhani utaona mwenyewe." Mpaka leo, mwanangu, jibu lile likinijia usiku nakaa kitandani. Yeye mamdogo alishalisahau, au anasema hivyo, na anacheka kwamba alimshonea dada yake gauni la harusi. Ndiyo, ni lile lililo ukutani, bibi alilipunguza kiuno.

Lakini ngoja, nimtetee marehemu. Alichokuwa nacho kilikuwa neno la mtu mmoja, wa kituoni, ambaye huenda alikuwa na chuki zake. Elizabeth naye alimwamini mtu mmoja, tukaona. Ungekuwa wewe ungemvunjia kijana uchumba kwa neno la stesheni? Na mamdogo wako enzi zile alikuwa hasikii. Angesema baba ana roho mbaya, angetoroka, tungepata Lydia wetu, kama yule aliyetoroka na Wickham. Sawa. Hayo yote nayakubali mpaka nakumbuka kwamba Same ipo kwenye reli ile ile, na nauli babu hakukosa. Angekwenda akauliza. Elizabeth mwenyewe alianza kumjua Darcy vizuri alipofika Pemberley, nyumbani kwa Darcy, akamsikia yule mama mtunza nyumba, aliyemjua tangu ana miaka minne, akisema hajawahi kutamkiwa naye neno baya. Watu huniambia ni ile nyumba kubwa iliyomgeuza moyo. Nyumba ilisaidia, sikatai, Elizabeth mwenyewe anamtania Jane hivyo. Lakini mtumishi anayemsifu bwana wake wakati bwana hayupo, huyo ni shahidi.

Sasa najua unanisubiri wapi. Hukuniuliza kuhusu mgeni uliyekuja naye Pasaka, na mimi si mtu wa kujibu nisiloulizwa. Shangazi yako amesema ana maringo kwa sababu hakuongea mezani na aliacha nusu ya wali. Mimi nimesema nini? Sikusema kitu. Ukinyamaza wewe ni mzee Bennet, ukisema unakuwa Lady Catherine, yule mama aliyefunga safari kwenda kumkataza Elizabeth asiolewe na mpwa wake, na kumbe safari yake ndiyo iliyompa Darcy matumaini ya kurudi kuposa. Sitaki kumsaidia mtu wala kumharibia kwa njia hiyo.

Nitakuambia nililoliona tu, si hukumu. Siku nzima hakutueleza mtu yeyote aliyemdhulumu. Na alipomwaga chai alifuta mwenyewe, ingawa kwa kitambaa changu kile kizuri. La tatu ninalo, nimelimeza, na usinipigie simu kuniuliza maana nitalisema.

Ninachotaka ni mtu wake. Ulisema ana dada aliyemlea. Agosti mkija, aje na huyo dada, nami nitakaa naye jikoni peke yetu, wewe na bwana wako mkatembee mtoni. Mamdogo wako amesikia na anasema naye lazima awepo. Nimemwomba asiguse habari ya mahari wala ya treni. Hajaahidi.

Mama yako